Sitoki Kwenye Kundi

Kabla jua halijafika kwenye migomba, Beatha alikuwa ameshasali, ameshawasha moto, na ameshawatania watu asiowajua.

Watu hao aliwapata kwenye simu. Walikuwa wasikilizaji wa kipindi cha salamu cha redio. Zamani walitumiana salamu kwa kadi. Siku hizi walikuwa na kundi la wasap lililoitwa Salamu za Alfajiri. Kulikuwa na watu wa Tanga, wa Kahama, wa Tunduma, hata wa Mtwara. Wengi hawakuwahi kuonana. Walijuana kwa majina ya redioni. Beatha aliitwa Mama Tangawizi, kwa sababu alilima tangawizi Mamba Miamba, juu katika milima ya Upare.

Beatha alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni kanisani. Mwalimu alimpa herufi. Kundi ndilo lililomfanya azitumie kila siku.

Mtani wake mkubwa kundini alikuwa Frederick, Mchaga mwenye duka la vipuri vya pikipiki Tunduma. Redioni alijiita Mangi wa Mpakani, kwa cheo cha machifu wa Kichaga. Wapare na Wachaga ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo wawili hawa hawakuchelewa kuzoeana.

"Mama Tangawizi, umeamka?" Frederick aliandika asubuhi moja. "Au bado unagawa harage moja kwa watu wawili?"

"Nimeamka," Beatha alijibu. "Nimeota naingia dukani kwako. Ukanitoza kwa kuota."

"Mpare hawezi kuota ananunua. Hiyo ni ndoto ya mtu mwingine, imekosea nyumba."

"Nakufungulia kesi."

"Najua. Mpare hata akikanyagiwa kivuli anakwenda mahakamani."

Kundi zima lilicheka. Vikatuni vya kucheka vilijaa kwenye kioo cha simu. Tumainieli, mume wa Beatha, aliingia jikoni na kumkuta anajifuta machozi.

"Leo umemfanya nini yule Mchaga?" aliuliza.

"Yeye ndiye kanifanya mimi, Baba Sifael."

"Mrudishie basi. Usituaibishe Wapare."

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao ya asubuhi. Hapakuwa na ubaya ndani yake. Watu wasiojuana waliamshana, walichekana, na mmoja akiugua waliuliza hali yake.

Jumanne moja Beatha alikuwa kwenye ndiva, bwawa dogo ambalo wanakijiji hugawana maji yake kwa zamu. Zamu ilikuwa yake. Simu ililia. Alisoma polepole, neno kwa neno.

"Ndugu zangu, mama yangu ametutoka," Frederick aliandika. "Tunamsafirisha kwenda kuzika nyumbani Kibosho. Tuombeeni."

Beatha alikaa chini kwenye nyasi. Alilia. Alimwombea marehemu, akamwombea na kijana wake.

Kisha akafanya alichofundishwa na mama yake na shangazi zake. Kwa desturi aliyokulia nayo, mtani haji msibani kulia tu. Anakuja kutania. Anavaa kofia ya marehemu. Anaigiza alivyokuwa akitembea. Anamgombeza marehemu kwa kuondoka bila kuaga. Waliofiwa wanacheka huku wanalia, na kifua kinalegea. Mtani akikaa kimya msibani, watu husema amekataa undugu.

Beatha hakutaka kukataa undugu. Akaandika:

"Afadhali amepumzika huyo Mchaga! Ila mwambieni huko aendako asifungue duka, malaika hawakopi. Na wewe Mangi, acha kulia, unalowesha bidhaa."

Akaongeza ujumbe wa sauti. Alilia kilio cha watani, kile kirefu chenye kicheko mwishoni. Alituma kwa upendo wote. Kisha akaifunga simu kwenye pindo la kanga, akaendelea kuelekeza maji shambani.

Alipofika nyumbani alifungua simu. Ilikuwa imejaa.

"Huyu mama ni mtu au shetani?" aliandika Isihaka, fundi wa redio wa Korogwe.

"Mtoeni!" aliandika mwingine.

Katikati ya maneno hayo kulikuwa na ujumbe wa Frederick. "Mama Tangawizi, mama yangu hajazikwa, nawe unamcheka? Nilidhani wewe ni rafiki."

Beatha aliweka simu juu ya mfuko wa tangawizi kama mtu anayeweka kaa la moto.

"Kuna nini?" Tumainieli aliuliza.

"Nimemtania msibani. Hakuelewa."

"Mchaga asielewe utani wa msibani?"

"Hakuelewa, Baba Sifael. Nimemuumiza."

Mambo hayakuishia kundini. Mtu alipiga picha ujumbe wa Beatha na kuusambaza peke yake, bila maneno ya nyuma wala ya mbele. Ukasambaa makundi mengine. Isihaka akatoa namba ya simu ya Beatha kwa watu, akawaambia wampigie "wamfunze adabu". Wanaume asiowajua walianza kumpigia na kumtukana. Wengine walimtumia maneno ambayo hata hapa hayaandikiki.

Jumamosi Anderson alikuja. Huyu ni kaka mkubwa wa Tumainieli, na ni mzee wa kanisa usharikani. Beatha alimwandalia makande. Anderson hakuyagusa.

"Shemeji," alianza, "picha ya maneno yako imefika kwangu. Imetoka kwa mtu wa Same, naye kaipata kwa mtu wa Dar es Salaam. Ukoo unachekwa."

"Ni kweli nilikosea, shemeji."

"Nimeshafikiria la kufanya. Utasema simu yako iliibwa mnadani. Aliyeandika ni mwizi. Halafu utoke kwenye kundi hilo, na simu ikae kwa mumeo."

"Simu haikuibwa."

"Najua haikuibwa! Ninakuokoa."

"Kwa uongo?"

"Kwa hekima."

Beatha alimtazama. "Shemeji, wewe ndiye unayetusomea Amri Kumi kanisani. Hiyo hekima iko katika amri ya ngapi?"

Tumainieli aliinamisha kichwa ili kaka yake asimwone anatabasamu.

Anderson alikasirika. "Kwa hiyo ulijifunza kusoma ili utukane wafu?"

"Nilijifunza kusoma ili nisisemewe na mtu," Beatha alijibu. "Kosa nimelifanya mimi. Nitalisema mimi. Uongo sisemi. Simu sitoi. Na kundini sitoki."

"Basi Jumatano usiongoze maombi ya akina mama. Ukae nyuma."

"Nikikaa nyuma, Mungu atanisikia kutoka huko huko."

Anderson aligeuka kwa ndugu yake. "Na wewe umekaa tu! Mwambie mkeo."

Tumainieli alisogeza sahani ya makande mbele ya kaka yake. "Kaka, kula, yanapoa. Huyu ameshasema, na mimi nimesikia."

Anderson aliondoka bila kula. Beatha aliingia chumbani, akapiga magoti. "Bwana," alisali, "nimemuumiza mtoto wa watu. Usiniondolee mdomo. Nifundishe kuutumia."

Jioni hiyo alipata simu kutoka kwa Naishorua, admini wa kundi. Naishorua ni mwanamke wa Kimaasai, anauza maziwa Same mjini. Yeye na kikundi chake cha wanawake wafugaji walipata mafunzo ya kutumia mitandao kwa usalama. Tangu hapo anawafundisha wengine.

"Mama Tangawizi, watu wananiambia nikutoe," alisema. "Sitamtoa mtu kabla sijamsikia. Utashuka Same lini?"

"Jumatatu nina mzigo wa tangawizi."

"Tuonane mchana, kwenye mgahawa wa stendi, penye watu. Njoo na mumeo au na ndugu. Hatujawahi kuonana, na wewe hunijui. Hata mimi usiniamini kwa sauti tu."

Jumatatu Beatha na Tumainieli walishuka na gari la asubuhi. Pale mgahawani mwanamke mrefu aliinuka na kuwatazama.

"Wewe ndiye Mama Tangawizi? Mbona mfupi? Kwenye simu una sauti ya mtu mrefu!"

"Urefu nimeuacha mlimani," alisema Beatha. "Na wewe kwenye simu nilidhani una ng'ombe mmoja. Kumbe hata shanga zako peke yake zinatosha mahari."

Walicheka, wakakumbatiana. Chai ililetwa. Beatha alieleza yote, kuanzia ndiva mpaka simu za matusi. Naishorua alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa nikuulize," alisema. "Ukienda msibani kwa mtani, unafanya nini kwanza?"

"Nasalimia. Nakaa na wafiwa. Nalia nao kidogo. Halafu ndiyo naanza."

"Na wao wanakuona?"

"Wananiona. Wanajua nimetoka wapi na kwa nini nimekuja."

"Kwenye simu Frederick aliona nini?"

Beatha alisema polepole, "Aliona maneno tu."

"Hapo ndipo penye kosa. Simu inabeba maneno. Haibebi uso, haibebi machozi uliyolia pale kwenye nyasi. Utani una pande mbili, na lazima wote wawili waujue. Unajua Frederick amezaliwa wapi?"

"Si Kibosho?"

"Nilipompigia kumpa pole aliniambia amezaliwa Tunduma, amekulia Tunduma. Kibosho anakwenda sikukuu tu. Utani wa harage na wa kesi anaujua, kila mtu anaujua. Wa msibani hajawahi kuuona hata siku moja."

"Mimi niliona jina la Mchaga, nikadhani nimemjua mtu mzima."

"Ndivyo tunavyokosea mtandaoni. Tunamzoea mtu haraka, tunasahau kwamba hatumjui. Kuzoeana na watu wa mbali si dhambi. Mimi nimepata marafiki wa kweli humo. Lakini ukitaka kumtania mtu mahali pazito, kama ugonjwa au msiba, mpe pole kwanza. Halafu ngoja yeye afungue mlango. Usipojua, uliza. Na mtu akisema 'hapo sitaki', unaacha palepale. Usimwambie hajui utani."

Tumainieli aliuliza, "Na hawa wanaotukana? Wanampigia mpaka wakati wa chakula."

"Hilo ni jambo lingine kabisa, shemeji," alisema Naishorua. "Msilichanganye. Kukosea kwake hakuwapi watu ruhusa ya kumtukana. Mama Tangawizi, usiwajibu. Ukiwajibu wanapata kuni. Usifute maneno yao pia. Yapige picha, yatunze, huo ni ushahidi. Kisha mzuie kila anayetukana, asiweze kukupata tena. Akitokea wa kukutishia, peleka ushahidi polisi. Lete simu nikuonyeshe pa kubonyeza."

Alimwonyesha mara moja. Mara ya pili Beatha alifanya mwenyewe.

"Shemeji yangu anataka niseme simu iliibwa," alisema Beatha.

"Unasemaje wewe?"

"Nimekataa."

"Vizuri. Ukisema uongo, Frederick atabaki na maumivu, nawe utabaki na hofu. Wengine wanafuta ujumbe na kukimbia. Wengine wanasema 'kama nimekukwaza', kana kwamba hawana hakika. Ulikosea wapi?"

"Mbele ya kundi."

"Basi rekebisha hapo hapo. Sema ulichofanya, sema ni kosa, omba msamaha, nyamaza. Usimdai akusamehe leo. Ana msiba."

Beatha alishika simu. "Nitasema kwa sauti. Maandishi yaliniponza, hayakubeba uso. Sauti angalau itabeba nusu."

Naishorua alicheka. "Hilo sikukufundisha mimi."

Beatha alifumba macho kidogo. Tumainieli alijua mkewe anasali, akamfanyia ishara mhudumu asubiri na vikombe. Kisha Beatha alibonyeza, akaongea.

"Frederick, mwanangu. Ni mimi Beatha, Mama Tangawizi. Sijaandikiwa na mtu, naongea kwa mdomo wangu. Nilimtania mama yako kabla sijakupa pole. Kwetu ni mila, lakini sikukuuliza kama wewe unaijua. Nimekuumiza siku uliyohitaji kushikwa mkono. Nimekosa. Naomba unisamehe, na usipoweza leo, nitangoja. Pole sana kwa kufiwa na mama."

Alivuta pumzi.

"Sasa nyinyi wengine. Mmesema nitoke. Sitoki. Nimekosea mbele yenu, na nitajirekebisha mbele yenu. Ila aliyegawa namba yangu ili nitukanwe, naye ana kosa lake. Asijifiche nyuma ya langu."

Alituma.

Kisha mama mmoja wa Mtwara aliandika, "Pole Frederick. Na wewe Mama Tangawizi, nimekusikia." Wengine wakafuata. Isihaka hakunyamaza.

"Maneno matamu! Mchawi ni mchawi tu," aliandika.

Naishorua aliandika palepale mezani: "Isihaka, humu tunakosoana, hatutukanani. Kutoa namba ya mtu bila ruhusa yake ni kumweka hatarini. Omba radhi kama alivyoomba yeye."

"Kumbe admini analinda wachawi," Isihaka alijibu.

Naishorua alimtoa kundini. Halafu akaweka utaratibu mpya, watu wote wausome: mwenzetu akifiwa au akiugua, tunampa pole kwanza, na utani unasimama mpaka yeye mwenyewe aufungue.

Watu wachache walitoka kwa hasira. Wengi walibaki. Lakini Frederick hakusema neno.

Jumatano Beatha alikwenda kwenye maombi ya akina mama. Minong'ono ilianza alipoingia. Hakukaa nyuma. Alisimama mahali pake pa siku zote.

"Mmesikia kwamba nilimcheka marehemu," alisema. "Mmesikia nusu. Nitawaambia nzima, halafu tutaomba." Akawaambia. Hakujipendelea. Alipomaliza, mama mmoja mzee alisema, "Mwanangu, hata mimi ningeandika hivyo hivyo. Bahati yangu sina simu." Wakacheka, na wakaomba. Walimwombea Frederick kwa jina.

Siku ya Ijumaa simu ililia. Beatha aliona jina, akainuka haraka.

"Mama Tangawizi?" Ilikuwa sauti ya Frederick.

"Abee, mwanangu."

"Tumeshazika. Nilisikiliza ujumbe wako. Sikujibu kwa sababu nilikuwa bado nina hasira."

"Ulikuwa na haki."

"Jana alikuja bibi mmoja wa Kipare kutoka Mwanga, mtani wa mama wa siku nyingi. Akajifunga kanga ya mama, akaanza kufokea wageni kwa sauti yake kabisa. 'Nani kaacha mlango wazi? Kuku wataingia!' Nilitaka kumtoa nje."

"Ukamtoa?"

"Baba alicheka. Tangu mama afariki alikuwa hajafungua mdomo. Alicheka mpaka kikohozi kikampata. Halafu akalia, halafu akaomba chakula." Frederick akaendelea, "Kwa hiyo nimeelewa ulichotaka kufanya. Lakini mama, bado kiliniuma. Yule bibi nilimwona machozi yakimtoka huku anatania. Ya kwako sikuyaona."

"Yalikuwepo."

"Naamini. Ila sikuyaona."

"Nimekuelewa, mwanangu. Sitarudia."

"Nimekusamehe. Lakini kwa sasa usinitanie. Bado sijawa sawa."

"Nitangoja. Wewe ndiye utafungua."

Beatha alingoja. Mvua za vuli zilianza, akapalilia tangawizi. Kila asubuhi alimsalimia Frederick kundini kwa heshima, kama anavyosalimiwa mtu mwenye jeraha. Wengine aliwatania kama kawaida. Mama wa Mtwara alipofiwa na mkwewe, kundi zima lilimpa pole, na hakuna aliyetia mzaha. Alipoingia mwanachama mgeni aliyetania unene wa mtu, aliambiwa "hapo sitaki", naye akaomba radhi na kuacha. Simu za matusi zilikwisha moja baada ya nyingine, kwa sababu Beatha aliwazuia wote na hakumjibu hata mmoja.

Jumapili moja baada ya ibada, Anderson alikuja tena kwa mdogo wake. Safari hii alikula. Beatha alikuwa ameketi karibu na mlango, simu mkononi, kwa sababu hapo ndipo mtandao ulipokuwa na nguvu. Simu ililia.

"Mama Tangawizi," Frederick alikuwa ameandika, mbele ya kundi lote. "Nasikia walitaka kukutoa humu ukakataa. Wakasema Mpare hatoki mahali ambapo salamu ni za bure."

Beatha aliisoma mara mbili. Lakini hakukimbilia kujibu. Aliandika, "Mlango umefunguliwa?"

"Umefunguliwa. Ingia, ila vua viatu."

Vikatuni vya kucheka vilianza kumiminika kutoka Tanga, Kahama na Mtwara. Beatha alikunja mikono ya gauni kama mtu anayetaka kufua.

Anderson aliweka kijiko chini. "Shemeji. Bado upo kwenye lile kundi?"

"Nipo."

"Na bado mnataniana na watu msiowajua?"

"Ngoja kwanza nimjibu huyu Mchaga, shemeji," alisema Beatha, huku kidole kikitafuta herufi ya kwanza. "Halafu nitakujibu na wewe."